Maji yale yale, majibu matatu

MASWALI NA MAJIBU: SAMAKI WA MAPAMBO

Barua za safari hii karibu zote zinalia na namba. Tumezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Habari za kazi wataalamu. Nina tangi la lita 120 lenye samaki wa dhahabu watano. Karatasi ya kupimia inasema nitrati ni sifuri. Seti ya matone inasema miligramu 40 kwa lita. Duka nililonunulia samaki walipima wakaniambia 10. Maji ni yale yale na siku ni ile ile. Nimwamini nani?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Dada, nitrati ni mabaki yatokanayo na uchafu wa samaki, na huenda wawili kati ya hao watatu wanasema kitu kimoja. Rudi dukani uwaulize kipimo chao kimeandikwa NO3 au NO3-N. Seti nyingi za nyumbani huhesabu nitrati nzima. Vipimo vya maabara na vya mabwawa ya samaki mara nyingi huhesabu nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati tu. Ukitoka kwenye nitrojeni kwenda nitrati nzima unazidisha kwa 4.43, kwa hiyo 10 yao ni kama 44 kwako. Kwenye kadi ya rangi inayoruka kutoka 40 hadi 80, hiyo ni 40.

Karatasi ndiyo ya kutiliwa shaka. Samaki wa dhahabu watano wanaokula kila siku kwenye lita 120 hawawezi kukuachia nitrati sifuri, labda uwe umebadilisha maji yote jana. Karatasi hizi huharibiwa na unyevu, na hewa ya Pwani ni unyevu mtupu. Ukiacha kopo wazi kwa muda mfupi tu, au ukiingiza vidole vibichi kuchomoa karatasi moja, umeziharibu na zilizobaki. Funga kopo papo hapo, usikitoe kile kipakiti cha kukausha kilichomo ndani, na usiliweke juu ya mfuniko wa tangi. Ukishachovya, shika karatasi ikiwa imelala. Ukiisimamisha, rangi ya kisanduku kimoja hutiririkia cha pili. Angalia pia muda, maana kisanduku kimoja huenda kinasomwa baada ya sekunde 30 na jirani yake baada ya 60.

Hata hivyo seti ya matone nayo hudanganya, tena zaidi kwenye nitrati. Kipimo hiki hakigusi nitrati moja kwa moja. Huigeuza kwanza kuwa nitriti, kisha nitriti hiyo ndiyo inayotiwa rangi nyekundu. Kazi ya kugeuza hufanywa na chembe za unga zilizomo kwenye kitendanishi (dawa ya kupimia), na chembe hizo huzama na kugandamana chupa ikikaa. Ukidondosha bila kutikisa, umedondosha kimiminika bila unga, maji yanabaki ya njano na wewe unashangilia sifuri ya uongo.

Tuchukue seti ya kampuni ya API ya maji baridi (yasiyo ya chumvi). Mililita 5 za maji ya tangi, matone 10 ya chupa namba 1, funga, pindua kichupa mara kadhaa. Chupa namba 2 tikisa kwa nguvu sekunde 30 zisizopungua, ndipo udondoshe matone 10. Funga tena, tikisa kichupa chenyewe dakika nzima, subiri dakika 5. Kama chupa namba 2 imekaa kabatini mwezi mzima, sekunde 30 hazitoshi. Igongegonge kitako chake juu ya meza, ipindue juu ya mwanga uone kama kuna tope limeng'ang'ania chini, kisha tikisa dakika mbili. Mkono utachoka, lakini hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Mambo mengine manne yanahusu kila kipimo cha matone, si nitrati peke yake.

Ujazo: kwenye kichupa chembamba maji hupanda kingoni na kubonyea katikati. Kinachosomwa ni sehemu ya chini ya huo mbonyeo, kichupa kikiwa mbele ya macho, si mkononi chini ya kifua. Ukikosea mililita moja kwenye tano, umekosea asilimia 20 kabla hata hujafungua chupa. Dawa yake ni bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Vuta, ondoa mapovu, rudisha hadi kwenye mstari.

Matone: chupa isimame wima kabisa, mdomo chini. Ukiiinamisha, ukubwa wa tone hubadilika. Likitoka tone lenye povu la hewa, hilo si tone kamili. Mwaga, suuza, anza upya.

Vidole: usizibe kichupa kwa dole gumba. Jasho lina amonia, na ngozi ina asidi inayotosha kuvuruga pH (kipimo cha uasidi) ya mililita 5. Tumia kizibo chake, na vizibo visibadilishane: cha amonia kibaki cha amonia. Vitendanishi vingine ni asidi kali, vingine vina magadi makali, kwa hiyo mabaki yakamwagwe kwenye sinki na maji mengi, yasirudi kwenye tangi, na chupa zikae mbali na watoto.

Mwanga: soma karibu na dirisha mchana, si juani na si chini ya balbu ya njano ya sebuleni. Seti nyingine hutaka kichupa kigusane na sehemu nyeupe ya kadi, nyingine hutaka utazame kutoka juu. Fuata karatasi ya seti yako. Usipige picha ukalinganishe kwenye simu, kwa sababu kamera hurekebisha rangi yenyewe bila kukuomba ruhusa.

Ukitaka uthibitisho, pima kesho, kisha badilisha nusu ya maji na upime tena baada ya saa moja. Kama maji unayoongeza hayana nitrati (pima na hayo), 40 lazima ishuke hadi 20. Ikibaki 40, kosa ni la upimaji.

Tangi langu lina miezi minane, samaki wazima, lakini amonia haishuki chini ya 0.25. Nimebadilisha maji mpaka nimechoka. Nikanunua na dawa ya kuondoa amonia, bado 0.25. Shida nini?
*Msomaji, Morogoro*

Shida huenda ni jicho lako, au maji ya bomba, na vyote viwili unaweza kuvichunguza leo jioni kwa gharama ndogo.

Nenda duka la dawa ununue kichupa cha maji ya sindano cha mililita 10, yale yanayochanganyiwa dawa za unga. Ni maji safi yasiyo na amonia wala nitrati, na yamefungwa. Pima amonia kwa maji hayo sambamba na maji ya tangi, vichupa viwili, dakika ile ile, dirisha lile lile. Kama vyote viwili vina kijani kile kile hafifu, basi hicho kijani ndicho sifuri ya seti yako, na umekuwa ukipigana na kivuli. Kama cha tangi kimekolea zaidi, amonia ipo kweli.

Wengine hutumia maji ya betri. Yanafaa, mradi ni maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa) na lebo inasema hivyo. Gereji huuza pia asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana na hizo, na asidi hiyo huunguza. Usibahatishe.

Halafu pima maji ya bomba kabla hayajaingia tangini. Kama yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), dawa ya kuondoa klorini huivunja na kuacha amonia, na kila ukibadilisha maji unaiongeza mwenyewe. Kichujio kilichokomaa, chenye bakteria wa kutosha, huila amonia hiyo ndani ya muda mfupi, kwa hiyo pima tena kesho yake. Na ile dawa uliyonunua: nyingi haziondoi amonia bali huifunga isiwadhuru samaki kwa muda. Kipimo cha kijani huihesabu hata iliyofungwa, ndiyo maana namba haikusogea. Kile kipimo cha zamani cha rangi ya njano hadi kahawia ni kibaya zaidi hapo. Dawa hizi hukivuruga kabisa, na kina zebaki, kwa hiyo tusingekishauri hata bila hilo.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo zito: 0.25 si hatari sawa kwenye kila tangi. Kipimo hujumlisha aina mbili za amonia, na yenye sumu kali ni ile isiyo na chaji. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, kwenye 8.5 ni 15, na kwenye 9 inazidi theluthi moja. Joto likipanda, nayo hupanda. Kwa hiyo usiandike amonia daftarini bila kuandika pH na joto pembeni yake. Namba peke yake haikwambii kitu.

Shikamooni. Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika niliowatoa Kigoma. Nimesoma wanataka pH ya juu. Nimeweka mawe ya chokaa, nimeongeza na mchanga wa makombe, lakini kila nikipima napata 7.6 bila kubadilika. Niongeze nini?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Usiongeze kitu. Tazama kadi ya rangi: 7.6 ndiyo namba ya mwisho?

Kama ndiyo, seti yako imefika ukingoni. Rangi inayotumika kwenye kipimo cha pH cha kawaida hutoka njano hadi buluu kati ya 6.0 na 7.6, na ikishakuwa buluu imemaliza. Maji ya 7.8 na maji ya 9 yataonekana sawa. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yanakaribia 9, kwa hiyo seti hiyo isingeweza kuyapima hata ungeyachota ziwani. Tafuta kipimo cha pH ya juu. Cha API husoma kutoka 7.4 hadi 8.8, matone 5 kwa mililita 5. Nacho kikigota juu, hapo ndipo penye kazi ya kalamu ya pH, ambayo tunaieleza kwenye barua ya Nairobi.

Mawe na mchanga wako huenda vilishafanya kazi zamani. Ukizidi kuongeza bila kuona, na amonia ikapanda kidogo siku moja, soma tena zile asilimia za jibu lililotangulia uone samaki wako wangekuwa wapi.

Kama unatumia maji ya kisima kirefu, usiyapime yakiwa yametoka tu. Maji ya ardhini mara nyingi yana hewa ya kaboni nyingi, nayo hushusha pH. Yaweke kwenye ndoo safi, yapulizie kwa pampu ya hewa saa 24, ndipo upime. Namba ya pili ndiyo ya kufanyia kazi. Kwa sababu hiyo hiyo tangi lenye mimea huwa na pH ya chini alfajiri na ya juu jioni, mimea ikishakunywa ile hewa mchana kutwa. Chagua saa moja ya kupimia, na ibaki hiyo.

Kipimo changu kinatoa KH 14 na GH 5. Muuzaji anasema haiwezekani KH kuzidi GH, kipimo ni kibovu, ninunue kingine. Ni kweli?
*Msomaji, Arusha*

Si kweli, na pesa yako ibaki mfukoni. Kipimo cha GH (ugumu wa jumla wa maji) huhesabu kalsiamu na magnesi. Kipimo cha KH, pamoja na jina lake la "ugumu wa kaboneti", huhesabu bikaboneti bila kujali imeshikamana na madini gani. Maji ya ardhi ya volkano ya Bonde la Ufa yana bikaboneti nyingi iliyoshikana na sodiamu, ambayo GH haiioni. Ndiyo maana Arusha, na hata Nakuru, KH kuzidi GH ni jambo la kawaida. Maji ya namna hiyo mara nyingi huwa pia na floraidi nyingi. Vipimo vya akwariamu haviigusi, na kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua, floraidi hubaki.

Lakini muuzaji hastahili kuaminiwa kwa maneno, na sisi vile vile. Kihakiki kipimo mwenyewe. Pima gramu 6 za bikaboneti ya soda ya kuokea, si beking pauda iliyochanganywa na vitu vingine, kwa mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Iyeyushe kwenye maji yaliyokenekwa hadi ujazo ufike lita 1 kamili. Chota mililita 20 kwa bomba la sindano, weka kwenye chombo kingine, ongeza maji yaliyokenekwa hadi lita 1. Hayo ni maji ya KH nyuzi 4. Kwenye seti ambayo tone moja ni nyuzi moja kwa mililita 5, rangi lazima igeuke kutoka buluu kwenda njano tone la nne. Ikigeuka la tatu au la tano, bado ni sawa, maana hapo hesabu huishia kwenye tone zima. Ikigeuka la saba, muuzaji ana haki.

Ukitaka usahihi zaidi, tumia mililita 10 na gawanya idadi ya matone kwa mbili. Tikisa baada ya kila tone, maana wengi hutia matone matatu kwa pupa wakiwa karibu na mwisho, wakapitiliza. Na kama karatasi yako ya maji imeandikwa kwa miligramu, nyuzi moja ni miligramu 17.9 kwa lita.

Nimenunua kalamu ya pH ya bei nafuu. Jana 7.2, leo 8.1, na samaki hawana habari. Nitupe?
*Msomaji, Nairobi*

Bado. Kalamu isiyosawazishwa ni kama mizani ya sokoni isiyohakikiwa: inatoa namba, si uzito.

Kwenye boksi kuna pakiti za unga za kuisawazishia, kila moja na pH yake. Kila moja huyeyushwa kwenye maji yaliyokenekwa, kwa kawaida mililita 250, lakini soma pakiti. Anza na 6.86. Kama tangi lako liko juu ya 7, malizia na 9.18, na 4.00 iache. Ina kazi kwa wenye maji ya asidi. Kati ya kimiminika kimoja na kingine suuza ncha kwa maji yaliyokenekwa, kisha gusisha kwa karatasi laini bila kusugua. Acha namba itulie. Ikichukua zaidi ya dakika moja au mbili kutulia, ncha imechafuka au imezeeka. Ichovye kwenye siki dakika 10, suuza, jaribu tena. Isiporejea hali yake, ndipo utupe.

Kalamu nyingi hufa kwa kukauka. Kile kioo cha ncha kinatakiwa kikae na unyevu wa maji ya kuhifadhia, yenye kloridi ya potasiamu. Ukikosa, matone machache ya kile kimiminika cha 4.00 ndani ya kifuniko yatafaa kwa muda. Usikihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, kwani huifyonza ncha madini yake. Na vimiminika vya kusawazishia ulivyokwisha kuchovyea visirudi chupani.

Kama boksi lilikuja na kalamu ya pili ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), isikuchanganye. Haipimi GH. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha huzidisha kwa 0.5 au 0.7 kutegemea kiwanda. Ndiyo maana kalamu mbili nzima kabisa zinaweza kutofautiana maji yale yale.

MAFUPI

*Mombasa, juu ya kupeleka maji dukani:* chupa ya maji ya kunywa, isiyowahi kuwekwa juisi wala sabuni. Isuuze mara tatu kwa maji ya tangi, izamishe hadi katikati ya kina mbali na bomba la kichujio, ijaze pomoni na uifunge humo humo majini. Iende kivulini, ipimwe ndani ya saa moja au mbili. Pima kabla ya kulisha na kabla ya kubadilisha maji.

*Zanzibar, tangi la maji ya bahari:* kifaa cha kupimia chumvi kwa kuchungulia kisisawazishwe kwa maji matupu peke yake, kwani kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea juu. Gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa lazima zisome 35 kwa elfu.

*Kisumu, nitriti "rangi haipo kwenye kadi":* imevuka kadi. Changanya mililita 1 ya maji ya tangi na 4 za maji yaliyokenekwa, pima, zidisha kwa 5. Na nitrati usiisome mpaka nitriti iishe, kwa sababu ile nitriti huingia kwenye hesabu ya nitrati na kuipandisha.

*Tanga, anayeona 20 na 40 ni rangi moja:* baadhi ya watu, wanaume zaidi, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Mwite mkeo au mtoto asome bila kumwambia wewe umeona ngapi.